Mwenyekiti Aliyevaa Mnyororo wa Baiskeli

Khisa alikuwa kiziwi, mshonaji wa magunia, na mtu aliyependa sana kuwa mwenyekiti. Kati ya mambo hayo matatu, ni la mwisho tu lililowahi kumsumbua.

Alizaliwa upande wa Bungoma, akaletwa Nakuru angali mdogo baba yake alipopata kazi ya reli. Surua ilimnyang'anya masikio kabla hajajifunza maneno mengi, naye hakuyalilia. Alipokuwa mtu mzima aliajiriwa katika ghala moja la mahindi karibu na stesheni, kazi yake ikiwa kufunga midomo ya magunia kwa uzi wa katani na shazia, ile sindano ndefu iliyopinda. Hakusikia kengele ya saa sita. Alijua muda wa chakula umefika alipoona vumbi la mahindi limetulia hewani, maana wenzake walikuwa wameacha kutupa magunia.

Kwa miaka mingi Khisa aliamini kwamba Nakuru nzima ilikuwa na kiziwi mmoja, na kwamba nafasi hiyo ilikuwa yake. Imani hiyo ilivunjika siku alipotumwa Rongai na lori la ghala kuchukua mahindi kwenye shamba la mzungu. Wakati wenzake wakipakia, alimwona mwanamke kwenye banda la kukamulia akimgombeza ng'ombe kwa mikono miwili. Hakuwa akimpiga. Alikuwa akimweleza kwa vidole, kituo kwa kituo, jinsi alivyopiga ndoo teke, hasara aliyoleta, na ukoo mbaya aliotoka. Khisa aliruka kutoka kwenye lori.

Mwanamke huyo aliitwa Jelagat. Yeye pia alikuwa kiziwi, na ishara zake za mikono zilikuwa zimetungwa nyumbani kama za Khisa, kila mmoja na nduguze. Kwa hiyo nusu ya maneno yao haikulingana. Walianza kugombana papo hapo juu ya njia sahihi ya kusema "ng'ombe": Khisa alionyesha pembe, Jelagat akaonyesha chuchu, na hakuna aliyekubali kushindwa mpaka jua lilipozama. Lori liliondoka bila Khisa. Alirudi mjini kwa miguu usiku, akifurahi njia nzima kwa sababu alikuwa amepata mtu wa kubishana naye.

Tangu siku hiyo akawa mtafutaji. Kila shamba alilofika na lori, alisimama langoni akatafuta mtu ambaye hageuki mbwa anapobweka nyuma yake. Kwa njia hiyo alimpata mzee Kosgei, mchungaji wa kondoo upande wa Njoro, na baada yake wengine, mmoja mmoja, hata wakatosha kujaza mabenchi mawili. Jumapili mchana walikutana kwenye jukwaa la kupakilia magunia nyuma ya ghala. Jelagat alikuja na kaka yake Kimutai, ambaye masikio yake yalikuwa mazima na aliyeendesha lori la maziwa.

Ni vyema msomaji afahamu kwamba watu hawa hawakuitana kwa majina ya vyeti. Kila mmoja alikuwa na jina la mkono. Khisa alikuwa sindano inayopenya kiganja. Jelagat alikuwa ngumi mbili zinazokamua. Nani aliwapa majina hayo, hakuna aliyekumbuka, lakini nani aliyejipa uenyekiti kila mtu alijua. Khisa alijipa mwenyewe, kwa hoja kwamba ndiye aliyewatafuta, na kwamba kama si yeye wangekuwa bado wanazungumza na mifugo.

Jelagat alijibu kwamba mifugo angalau humwacha mtu amalize.

Basi ikatokea kwamba siku moja Khisa alinunua sukari dukani, ikafungwa kwa gazeti, na kwenye gazeti palikuwa na picha. Ilionyesha chumba kikubwa cha ng'ambo, watu wengi wameinua mikono, na mbele yao bwana mnene mwenye mnyororo mzito shingoni. Kimutai alimsomea kwa mikono kwamba huo ulikuwa mkutano wa viziwi kutoka nchi mbalimbali. Khisa aliitazama ile picha mpaka sukari ikamwagika. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna viziwi wengi kiasi hicho duniani. Lakini zaidi ya hayo, aliutazama mnyororo.

Kimutai alisoma pia kwamba yule bwana mnene hakuwa kiziwi hata kidogo. Alikuwa mkuu wa mji huo aliyekuja kuwakaribisha wageni, na viziwi wenyewe ndio waliokuwa kwenye viti. Khisa hakuyaona maelezo hayo kwa sababu alikuwa amekwisha kuinama kwenye baiskeli yake akitoa mnyororo.

Jumapili iliyofuata alifika kwenye jukwaa akiwa ameuvaa shingoni, shati jeupe limechorwa mistari ya grisi, huku akisukuma baiskeli ambayo sasa haikuweza kwenda. Kosgei, ambaye alikuwa mtu wa heshima, alimpa mkono. Jelagat aliuliza kama taji litatengenezwa kwa breki.

Ingeendelea hivyo kwa miaka kama si hali ya nchi. Huo ulikuwa wakati wa hali ya hatari, na watu hawakuruhusiwa kukusanyika ovyo. Askari mmoja aliyepita nyuma ya ghala aliona kundi la watu wakirusha mikono kimya kimya, mmoja wao amefungwa mnyororo shingoni, akapiga ripoti kwamba ameona jambo ambalo hakulielewa na hakulipenda. Mwenye ghala aliogopa, akalifunga lango siku za Jumapili. Aliyetaka watu wake wakutane sharti atafute mahali panapojulikana, chini ya mtu anayejulikana.

Palikuwa na mahali pamoja tu: ukumbi wa mtaa. Ulikuwa na madirisha makubwa, na viziwi wanahitaji mwanga kuzungumza kama wengine wanavyohitaji pumzi. Tena sakafu yake ilikuwa ya mbao. Juu ya mbao, mtu akikanyaga kwa nguvu, mwenzake aliye upande wa pili huhisi nyayoni na kugeuka. Kwa watu waliozoea kurushiana punje za mahindi ili waitane, hiyo ilikuwa anasa. Khisa aliwaambia wazi kwamba wakiukosa ukumbi, mambo yamekwisha. Kila mmoja atarudi shambani kwake, awe kiziwi peke yake tena.

Mwenye funguo za ukumbi alikuwa Mwalimu Peterson Kahiga, mstaafu, mtu mrefu aliyekonda tangu aache kufundisha bila kuiarifu suruali yake. Kila baada ya sentensi mbili aliivuta juu kwa mikono miwili. Khisa na Kimutai walipokwenda kumwona, Khisa hakuchelewa kumpatia jina la mkono. Mwalimu aliuona mkono huo, akadhani ndiyo salamu yao, naye akairudisha kwa adabu. Tangu hapo, kila alipokutana na kiziwi njiani alisimama wima, akamtazama usoni, na kuvuta suruali.

Mwalimu alieleza kwamba ukumbi huo ulikuwa na mwombaji mwingine wa Jumapili mchana, nayo ni kwaya iliyoongozwa na mama mmoja aliyeitwa Wangu. Hata hivyo yeye ni mtu wa haki. Angekuja kuuona mkutano mmoja wa viziwi. Kama utakuwa na utaratibu, atawapa nafasi. Kama ni vurugu ya mikono tu, kwaya itaingia saa tisa na viziwi watatoka kabisa.

"Mwambie hivi," alimwambia Kimutai. "Mkutano inaanza na sala. Na wakati wa sala watu wanafunga macho. Hapa hatuombi kama watu wenye wanatazama mpira."

Kimutai alifasiri. Khisa alitikisa kichwa kwa furaha. Alitaka ukumbi ule hata angeambiwa waombe wakiwa wamesimama kwa vichwa.

Siku ilipofika aliwapanga watu wake nje ya mlango, mnyororo ukiwa umepakwa mafuta mapya, akawapa maagizo. Leo tunapimwa, alisema kwa mikono. Mtu yeyote asiharibu. Kwaya iko kwenye veranda na ngoma yao, kwa hiyo sakafu itatetemeka. Msijali. Hata mkihisi mtu anakanyaga, msigeuke. Kisha akamaliza:

"Nikianza sala, fungeni macho. Msifungue mpaka niwaambie."

Wote walikubali. Jelagat peke yake aliinua mikono kuuliza swali, na swali lilikuwa: "Utatuambiaje?" Lakini Khisa alikuwa amekwisha kugeuza uso, na kwa watu hawa kumgeuzia mtu uso ni sawa na kumziba mdomo. Jelagat alishusha mikono. Aliingia ndani akitabasamu, jambo ambalo lingepaswa kumtia Khisa wasiwasi.

Walikaa kwenye mabenchi. Mwalimu Kahiga alikaa mbele kando, na Kimutai karibu yake. Khisa alisimama nyuma ya meza, akainua mikono, na watu wote wakafumba macho. Mwalimu, kwa kuwa alikuwa Mkristo mwema, akafumba pia. Kimutai naye akafumba, akingoja kusikia "Amina" ili aanze kazi yake.

Khisa aliomba vizuri. Aliombea mvua, magunia, ng'ombe wa Rongai na kondoo wa Njoro. Alimwombea Mwalimu kwa kuvuta suruali yake mwenyewe kwa unyenyekevu. Aliwaombea viziwi wa ng'ambo na mwenyekiti wao mnene. Mikono yake ilipanda na kushuka kwa namna ambayo hakuwahi kuifikia tena maishani, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeiona. Kisha akafika mwisho, akaweka Amina yake hewani, akangoja.

Hakuna aliyesogea.

Aliweka Amina ya pili, kubwa zaidi. Alipunga mikono yote miwili. Mabenchi mawili ya watu wake yalikaa mbele yake, macho yamebanwa kwa utii ambao hakuwahi kuupata siku nyingine yoyote. Alikanyaga sakafu. Waliuhisi mguu wake, na kwa kuwa aliwakataza kuujali, hawakuujali. Alikanyaga tena kwa nguvu zaidi, wakazidi kubana.

Mwalimu Kahiga alizisikia hatua hizo, akadhani ni sehemu ya ibada. Aliguswa sana.

Khisa alitoka nyuma ya meza, akamwendea Kosgei, akamtikisa bega. Mzee huyo alikumbuka kwamba leo wanapimwa. Alijua huu ndio mtihani wenyewe, akashika benchi kwa mikono yote miwili na kukunja uso mpaka masikio yakasogea. Khisa alijaribu kumfungua kope kwa kidole. Kosgei alimpiga kofi la mkononi bila kuacha kuomba.

Huko nje, Mama Wangu aliona saa tisa inakaribia na mlango haufunguliwi. Alianzisha wimbo papo hapo verandani, na ngoma ikapigwa. Mbao zilitetemeka kuanzia mlangoni hadi mezani. Viziwi waliinamisha vichwa zaidi. Mwalimu, akisikia wimbo na ngoma zikijiunga na sala ndefu namna hii, alitoa kitambaa akafuta jasho huku macho yake yamefumbwa vilevile.

Hivyo ndivyo Khisa alivyojikuta mtu pekee mwenye macho ukumbini, kiongozi wa watu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama. Sala ikiendelea hivi hadi kwaya iingie, mkutano utakuwa haukufanyika, na ukumbi utakuwa wa Mama Wangu. Alisimama katikati, mikono imelegea, grisi ikimtiririka kifuani kwa joto.

Hapo akaona jicho. Lilikuwa jicho la kushoto la Jelagat, nalo lilikuwa wazi. Kwa jinsi lilivyotulia, ilionekana lilikuwa wazi tangu mwanzo.

"Waamshe," Khisa alimwambia kwa mikono.

"Mimi? Mwenyekiti ni wewe," alijibu Jelagat, akiiweka mikono yake chini karibu na magoti. "Nakuona umewashika vizuri."

"Dada, nakuomba. Tutapoteza ukumbi."

"Najua. Vua hiyo takataka ya baiskeli."

"Ni ya mwenyekiti."

"Nani alikuomba uwe mwenyekiti? Hukutuuliza hata siku moja. Unasema, unageuza uso. Ivue, na sala ikiisha waulize wanamtaka nani."

Khisa alimtazama. Kisha alitazama mlango, ambao ulikuwa umeanza kusukumwa. Haikuwa rahisi. Mtu aliyetembea mashamba yote ya bonde akitafuta watu wake hapendi kuwauliza kama wanamtaka. Lakini aliwaza jukwaa lililofungwa, akamwaza Kosgei na kondoo wake mwaka mzima bila neno, akauvua mnyororo na kuutupa juu ya meza.

Hakujua, wala Jelagat hakujua, ni kelele gani mnyororo wa baiskeli hufanya unapoanguka juu ya meza ya mbao ngoma ya nje ikiwa imekwisha kunyamaza. Mwalimu Kahiga aliruka nusu futi.

"Amina," alisema, akafumbua macho.

"Amina," akasema Kimutai.

Wakati huohuo Jelagat alishika mkono wa jirani yake, akaubana mara mbili, na kumsukuma aupitishe. Mbano ulitembea kwenye benchi la kwanza kutoka mkono hadi mkono, ukavuka kwenda la pili, na kila ulipofika macho yalifunguka. Ulimfikia Kosgei mwisho. Aliutafakari kidogo, akauona ni halali, akafungua macho, na kuuliza kama amefaulu.

Mama Wangu aliingia na kwaya nyuma yake. "Mwalimu, ni saa tisa. Hawa watu wako wamemaliza ama bado?"

Mwalimu alivuta suruali, na mabenchi yote mawili yakamrudishia salamu.

"Mama, nimekaa na vyama mingi kwa hii ukumbi," alisema polepole. "Hakuna hata moja yenye imewahi kuomba hivi bila mtu kukohoa. Hawa watu nawapatia Jumapili."

"Na sisi tuimbie wapi? Kwa barabara?"

Kimutai aliyafasiri hayo, na uso wa Khisa ukang'aa kisha ukafifia, kwa maana alimwonea huruma Mama Wangu, na pia kwa sababu sasa alitakiwa kutimiza ahadi. Alisimama mbele ya watu wake bila mnyororo, akauliza: anayemtaka yeye asimame nyuma yake, anayemtaka Jelagat asimame nyuma ya Jelagat. Mabenchi yaligeuzwa, watu wakavuka. Nyuma ya Khisa alibaki Kosgei peke yake, na Kosgei alidhani hiyo ndiyo foleni ya chai.

Uamuzi wa kwanza wa mwenyekiti Jelagat ulichukua muda mfupi kuliko kunywa maji. Alimwuliza Kimutai yule mama ana shida gani. Alipoelezwa, alishangaa kwamba watu wazima walikuwa wakigombania jambo hilo. Kwaya ikae ule upande, alisema, na sisi tukae huu. Wapige kelele wapendavyo.

Mwalimu Kahiga alilifikiria kwa muda. Kwa miaka yote aliyoitunza ratiba ya ukumbi hakuwahi kuona vyama viwili vinavyoweza kukutana katika chumba kimoja, saa moja, bila kimoja kukikera kingine. Aliangalia kwaya, ambayo sauti zake mtaa mzima ulizifahamu na baadhi ya watu walizihama. Alikubali.

Kulikuwa na tatizo moja dogo, nalo halikupatiwa dawa kamwe. Kila ngoma ya kwaya ilipopigwa, mbao zilitetemeka, na viziwi wote waliacha mazungumzo wakageuka kuona ni nani anayewaita. Mama Wangu hakuwahi kupata wasikilizaji waliogeuza vichwa pamoja namna hiyo, kwa hamu, katikati ya wimbo. Alimwambia Mwalimu kwamba wale ndio watu pekee Nakuru wanaoelewa muziki. Mpiga ngoma alianza kuvaa tai.

Kuhusu Khisa, mtu angedhani alirudi kwenye magunia yake kimya kimya. Lakini Mwalimu Kahiga hakusahau ile Amina ya chuma. Jumapili ya pili, Jelagat alipobana mkono wa jirani na macho yakafunguka, Mwalimu alibaki amefumba, akingoja. Alingoja mpaka Kimutai akamnong'oneza kwamba sala imekwisha, naye akakataa. Alisema huo si utaratibu wao, kwamba yeye aliuona utaratibu wao kwa macho yake, na kwamba pasipo mnyororo hiyo si sala.

Kwa hiyo ilibidi cheo kiundwe. Kila Jumapili Khisa alifika ukumbini amepanda baiskeli, shati lake safi. Alipiga magoti mlangoni, akautoa mnyororo, akauingiza ndani kwa mikono miwili kama kitu cha ibada, na kusimama kando ya meza akimtazama Jelagat kwa makini, maana hakutaka kukosa wakati wake. Jelagat alipobana mkono, Khisa aliuachia. Mwalimu aliruka nusu futi, akasema Amina, akafurahi.

Mkutano ulipokwisha, Khisa aliurudisha mnyororo kwenye baiskeli, akajifuta grisi kwa majani, na kwenda zake akikanyaga pedali kwa nguvu. Wakati mwingine alipanda mpaka njia panda ya Rongai, akifuata lori la Kimutai lililombeba Jelagat nyuma, akiwa ameachia usukani ili abishane na mwenyekiti wake juu ya ng'ombe, yeye kwa pembe, Jelagat kwa chuchu, mpaka lori likaongeza mwendo na vumbi likafunika maneno yao.